Mbolea ya Ruzuku Ainabkoi: Utajuaje Kama Ndiyo Iliyoleta Mavuno?

Mavuno yakiwa mazuri, kila mtu ana sababu yake. Afisa wa serikali atasema ni mbolea ya ruzuku. Muuza mbegu atasema ni mbegu yake. Mkulima wa Olare, hapa Ainabkoi, kaunti ya Uasin Gishu, naye atakwambia mvua ilinyesha kwa wakati, basi. Huenda wote wako sahihi, lakini bajeti ya mwaka ujao itapangwa kwa kumsikiliza mmoja wao, na fedha zenyewe ni za mlipa kodi.

Tuanze na takwimu za nchi nzima. Septemba 2022 serikali ya Kenya ilishusha bei ya gunia la kilo 50 la mbolea, ambalo lilikuwa limepita shilingi 6,000, hadi 3,500. Mwaka 2023 likashuka tena hadi 2,500. Mwaka huohuo mavuno ya mahindi yalipanda kutoka magunia milioni 34.3 hadi milioni 47.6. Ukisikia hayo barazani unapiga makofi. Lakini 2022 ulikuwa mwaka wa ukame na 2023 mvua ilirudi. Je, ongezeko hilo la magunia milioni 13 ni la mbolea au la mvua? Kulinganisha mwaka jana na mwaka huu hakuwezi kukujibu, hata ukiwa na takwimu sahihi kiasi gani.

Swali la tathmini ni moja: bila mradi huu, hali ingekuwaje? Hali hiyo hakuna aliyeiona, maana mradi ulikuwepo. Kwa hiyo mtathmini hutafuta watu wanaofanana na waliopata mradi, ila wao hawakuupata, akawatumia kama kipimo.

Chukua mfano wa kubuni. Wakulima wa kata moja waliopata mbolea ya ruzuku walivuna magunia 18 kwa ekari kabla ya mradi, na 24 baadaye. Mwanasiasa atatangaza faida ya magunia sita. Sasa tazama jirani zao wasioipata: walikuwa na 15, wakafika 19. Hao hawakupewa kitu ila mvua, na wamepanda kwa magunia manne. Toa manne kwenye sita. Ruzuku imeleta magunia mawili. Bado ni faida, na kwa mwenye ekari tano ni magunia kumi, lakini ni theluthi tu ya ile iliyotangazwa.

Hesabu hiyo ina sharti: makundi hayo mawili yawe ni yale ambayo yangeenda mwendo mmoja kama mradi usingekuwepo. Hapa ndipo tathmini nyingi huanguka. Mbolea ya ruzuku humfikia aliyesajiliwa kupitia kwa chifu, akapata ujumbe kwenye simu, kisha akaenda bohari la bodi ya nafaka, NCPB, au kituo kingine kuichukua. Mwenye pikapu hupakia magunia kumi na kurudi shambani kabla ya jua kuchwa. Mwenye ekari moja anakodi boda boda kwa gunia moja, na nauli inamlia sehemu ya punguzo. Yule wa pikapu huenda alikuwa na mbegu bora na trekta kwa wakati tangu zamani. Ukiwalinganisha hao wawili, unapima utajiri na kuuita mbolea.

Ainabkoi yenyewe ni mtego wa namna hiyo. Wadi ya Kapsoya ina mitaa iliyoshikana na jiji la Eldoret, huku Kaptagat na Ainabkoi/Olare zikiwa za mashamba ya mahindi, viazi na maziwa. Wastani wa kaunti ndogo nzima ni namba isiyomwelezea mtu yeyote. Ripoti ikikupa wastani peke yake, omba takwimu za kila wadi.

Njia safi kuliko zote ya kupata makundi yanayofanana ni kura. Watu hudhani ni ukatili kumpa huyu na kumnyima yule kwa bahati nasibu, ilhali miradi mingi haina fedha za kumfikia kila mtu mwaka wa kwanza. Foleni ipo tayari. Kura inaamua tu nani atangulie, badala ya mwakilishi wadi kuamua. Magharibi mwa Kenya ndiko njia hii ilikopata jina. Huko Busia, Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 zilizogawanywa mafungu matatu ya 25, zikapewa dawa za minyoo kwa zamu: 1998, 1999 na 2001. Utoro ulipungua kwa takriban robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi za aina hii. Matokeo ya Busia hayakukosa wapinzani. Mwaka 2015 watafiti wengine walichambua data hizo upya na ubishi mkali ukazuka. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Tathmini isiyoweza kukaguliwa na mtu mwingine ni tangazo.

Mimi hupenda zaidi utafiti wa vitabu, labda kwa sababu unauma. Katika eneo hilohilo, shule 25 kati ya 100 zilichaguliwa kwa kura zikapewa vitabu vya kiada. Nani angepinga vitabu? Ila alama za wastani hazikusogea. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa mbele tayari. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi hiyo ilikuwa lugha ya tatu. Bila kundi la kulinganisha, serikali ingeendelea kuhesabu vitabu vilivyogawiwa na kuita hayo mafanikio.

Pale kura isipowezekana, mpaka wa sheria husaidia. Pesa za wazee za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, zilipanuliwa kuwafikia wenye miaka 70 na zaidi. Mzee wa miaka 69 na mwenzake wa 70 hawatofautiani sana kwa afya wala mali, ila mmoja anapokea na mwingine hapokei. Walinganishe hao, usilinganishe wa 60 na wa 80.

Kabla ya hesabu yoyote, hata hivyo, kagua gunia. Mwaka 2024 iligundulika kwamba baadhi ya mbolea iliyouzwa chini ya mpango wa ruzuku ilikuwa ghushi, na serikali ikaahidi kuwafidia. Mtathmini aliyekuja baada ya msimu huo akakuta mahindi hayakuongezeka angeweza kuandika kwamba ruzuku haifai, kumbe kilichokuwa ndani ya gunia hakikuwa mbolea. Kuna pia suala la udongo. Mashamba mengi ya Uasin Gishu yana asidi, na mbolea kama DAP ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huizidisha. Penye asidi kali, chokaa inaweza kuhitajika kwanza. Na ukumbuke jirani: gunia la ruzuku likiuzwa usiku kwa asiyesajiliwa, kundi la kulinganisha nalo limepata mbolea, na faida ya kweli itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Kulinganisha mradi na kukosa mradi hakutoshi. Ulinganishe pia na njia nyingine ya kutumia fedha hizohizo. Duflo, Kremer na Jonathan Robinson waliwauzia wakulima wa Busia mbolea mara tu baada ya mavuno, wakiwa bado na pesa mkononi, kwa bei ya kawaida lakini ikafikishwa bure nyumbani. Matumizi ya mbolea yalipanda kwa kiwango kinachokaribia kile cha ruzuku ya nusu bei iliyotolewa baadaye msimuni. Mkulima wa Ainabkoi anayevuna mwishoni mwa mwaka, akalipa karo Januari na kutafuta mbolea Machi akiwa hana kitu, hahitaji kuelezwa kwa nini. Kaunti yetu ingefaa kulijaribu hilo kabla ya kuongeza punguzo.

Haya yote hayahitaji shahada. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na katika vikao vya umma vinavyouhusu unaweza kuuliza: mavuno yalikuwa kiasi gani kabla ya mradi, nani alipima, na nani mnamlinganisha naye? Kama hakuna aliyepima mwanzo, dai kipimo cha mwanzo kichukuliwe sasa, kabla ya msimu kuanza. Ukikosa jibu, andika barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, haikutozi chochote kuwasilisha ombi, na inampa afisa siku 21 kukujibu. Akikunyima, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Weka nakala ya barua yako na tarehe uliyoipeleka.