Uteuzi wa Ufunguo wa Mgawanyo katika Hifadhidata za Wingu: Mtazamo wa Kileksikografia

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi ya kuteua ufunguo wa mgawanyo katika hifadhidata za wingu zisizofuata muundo wa kimahusiano, zijulikanazo kama NoSQL. Mfano unaotumiwa ni kamusi na kopasi ya Kiswahili. Tunadai kwamba uteuzi huu si suala la fundi wa tarakilishi peke yake. Unategemea ujuzi wa mofolojia ya lugha na wa mahitaji ya msomaji, na mwanaisimu asiposhirikishwa mapema, kosa litakalofanyika ni gumu kulirekebisha.

1.0 Utangulizi

Data za Kiswahili zilizokuwa zikihifadhiwa katika kadi na makabrasha sasa huhifadhiwa zaidi katika tarakilishi, na mara nyingi si tarakilishi iliyo katika idara husika bali seva za kampuni zinazokodishwa kupitia intaneti. Mpangilio huo ndio uitwao wingu. Mnamo 2007, wahandisi wa Amazon walichapisha maelezo ya mfumo wao uitwao Dynamo. Mwaka uliofuata, 2008, Facebook iliuweka wazi mfumo wa Cassandra. Baadaye zikaja huduma za kukodi kama vile DynamoDB ya Amazon (2012) na Cosmos DB ya Microsoft (2017).

Mifumo hii inashabihiana katika jambo moja la msingi: haiweki data zote katika mashine moja. Huzigawa katika mafungu na kuyatawanya mafungu hayo katika mashine nyingi. Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, ni sifa ipi ya rekodi inayofaa kuamua fungu itakamowekwa?

2.0 Fungu na ufunguo wake

Ufunguo wa mgawanyo ni ile sehemu ya rekodi ambayo mfumo huisoma ili kuamua mahali pa kuiweka. Katika DynamoDB, thamani ya ufunguo hupitishwa katika fomula iitwayo heshi. Fomula hii hubadilisha neno lolote kuwa namba, na namba hiyo huelekeza kwenye fungu mahususi. Neno lile lile hutoa namba ile ile daima, lakini maneno yanayokaribiana kitahajia, kwa mfano mpishi na mpira, hutoa namba zisizokaribiana hata kidogo. Kwa njia hii funguo nyingi hutawanyika kwa usawa.

Kila fungu lina kikomo chake. Katika DynamoDB, fungu moja huhimili takriban gigabaiti 10 za data. Kwa kila sekunde, huhimili vizio 3,000 vya kusoma na vizio 1,000 vya kuandika. Kizio kimoja cha kusoma hutosha rekodi isiyozidi kilobaiti 4, na kimoja cha kuandika hutosha rekodi isiyozidi kilobaiti 1. Maombi yakizidi hapo, mfumo huyakataa yaliyo ya ziada, hata kama mafungu mengine yamekaa bure.

Yafaa tutofautishe wingi wa data na wingi wa maombi. Kamusi ya vidahizo elfu hamsini, kila kimoja kikiwa na kilobaiti 1 ya maelezo, haifiki hata megabaiti 60. Kwa ukubwa wake ingeenea katika fungu moja bila taabu. Kinachoweza kuilemea ni idadi ya watu wanaouliza jambo moja kwa wakati mmoja.

3.0 Vigezo vinavyoelekea kufaa lakini vina kasoro

3.1 Herufi ya kwanza

Msomaji aliyezoea kamusi ya karatasi atapendekeza herufi ya kwanza. Kasoro ya kwanza ni uchache wa thamani. Tukiziacha q na x, ambazo hazimo katika alfabeti ya Kiswahili sanifu, na kuihesabu c kwa ajili ya ch, tunabaki na herufi 24. Hata mfumo ukiwa na mashine mia moja, data zitatua mahali 24 tu.

Kasoro ya pili inatokana na mofolojia. Nomino za umoja katika ngeli ya A-WA na zile za U-I huchukua kwa wingi kiambishi m- au mw-: mtu, mwalimu, mti, mkono. Upatanisho wa kisarufi nao huieneza herufi ya nomino katika sentensi nzima. Tuchukue sentensi hii:

Wanafunzi wetu wawili walikwenda maktabani kutafuta kitabu kipya cha vitendawili.

Sentensi hii ina maneno 10. Manne yanaanza kwa w na matatu kwa k. Maneno mengine matatu yanaanza kwa m, ch na v. Hivyo basi, maneno 7 kati ya 10 yangeelekea kwenye mafungu mawili tu. Huu si mkasa wa sentensi moja bali ni tabia ya lugha yenyewe.

3.2 Ngeli

Ngeli ni kigezo kinachovutia wanaisimu, lakini thamani zake ni chache kuliko herufi. Isitoshe, wataalamu hawakubaliani kuhusu idadi yake: wapo wanaoainisha kwa kigezo cha kimofolojia na wapo wanaotumia upatanisho wa kisintaksia. Rekodi iliyowekwa kwa mwainisho mmoja haitapatikana na anayeitafuta kwa mwingine.

3.3 Tarehe ya kuingizwa

Tarehe zina thamani nyingi, lakini zote za leo ni moja. Programu ikipakia maelfu ya sentensi kwa siku moja, zote hugonga fungu la siku hiyo, huku mafungu ya siku zilizopita yakilala. Tarehe pekee haifai pale ambapo data mpya huingia kwa wingi.

3.4 Mzizi

Kigezo cha mzizi kina historia katika leksikografia yetu. Kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson mwaka wa 1939 iliziweka nomino nyingi zilizonyambuliwa chini ya kitenzi asilia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotolewa mwaka wa 1981, iliziorodhesha nomino kwa umbo la umoja pamoja na kiambishi chake. Faida ya njia ya kwanza ni kwamba ndugu hukaa pamoja: pika, mpishi, upishi, mapishi.

Hata hivyo, njia hiyo humtaka msomaji ajue mzizi kabla hajauliza. Anayetafuta mpishi lazima atambue kwamba sauti k imegeuka sh. Maneno ya mkopo nayo yana utata wake. Neno kitabu lilitoka katika Kiarabu likiwa na ki ndani ya mzizi, lakini Waswahili wameichukua ki hiyo kama kiambishi, ndiposa twasema vitabu. Je, mzizi ni kitabu au -tabu? Wachangiaji wawili wakijibu tofauti, rekodi zao zitatawanyika na hakuna atakayeona ya mwenzake. Ufunguo haupaswi kutegemea jambo ambalo bado linajadiliwa.

4.0 Kidahizo kamili pamoja na ufunguo wa mpangilio

Kwa kamusi, tunapendekeza kidahizo kamili kiwe ufunguo wa mgawanyo. Thamani zake ni maelfu mengi, heshi huzitawanya vizuri, na neno analoandika msomaji ndilo ufunguo wenyewe.

Kidahizo kimoja chaweza kuwa na rekodi kadhaa, na hapa ndipo panapohitajika ufunguo wa mpangilio, ambao hupanga rekodi ndani ya kikundi chenye ufunguo mmoja. Neno paa, kwa mfano, ni la juu la nyumba, ni mnyama, ni kitendo cha kwenda juu na pia kitendo cha kuondoa magamba ya samaki. Tukitumia namba 1 hadi 4 kama ufunguo wa mpangilio, ombi moja huleta homonimu zote kwa utaratibu.

Gharama ipo. Kwa kuwa heshi huvuruga mfuatano wa alfabeti, hatuwezi kuuliza kwa wepesi maneno yote yanayoanza kwa mp-. Wala mfumo hautajua kwamba mpishi ni ndugu wa pika. Suluhisho ni faharasa ya ziada inayotumia mzizi. Mzizi ukikosewa katika faharasa, kidahizo bado kitapatikana mahali pake. Hata hivyo, faharasa nayo ina mafungu yake, na katika DynamoDB ikilemewa huweza kuzuia uandishi katika jedwali kuu.

Tahajia nayo idhibitiwe kabla ya heshi. Neno ng'ombe likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka na mara nyingine kwa iliyopinda, kwa jicho la msomaji ni neno moja, lakini kwa mfumo ni funguo mbili. Vivyo hivyo kwa herufi kubwa na ndogo.

5.0 Kopasi na maneno yanayojirudia

Kopasi huhitaji hatua zaidi. George Kingsley Zipf alionyesha katika kitabu chake cha 1949 kwamba katika matini maneno machache hutokea mara nyingi sana, ilhali mengi hutokea kwa nadra. Katika Kiswahili, na, ya na wa ni miongoni mwa hayo machache. Tukihifadhi kila tokeo la neno chini ya neno lenyewe, kikundi cha na kitafurika huku cha kitendawili kikibaki kidogo. Heshi hugawa funguo lakini haigawi umaarufu wa ufunguo mmoja.

Njia inayotumika ni kuongeza namba kwenye ufunguo: na-0, na-1 hadi na-9. Namba hiyo ikokotolewe kutokana na kitambulisho cha matini ili iweze kutabirika. Uandishi hugawanyika mara kumi, lakini anayetaka matokeo yote ya na sharti aulize mara kumi kisha aunganishe majibu. Kwa hiyo mbinu hii itumiwe kwa maneno yenye idadi kubwa pekee. Mwaka wa matini ukianza ufunguo wa mpangilio, mtafiti ataweza kuomba matokeo ya kati ya 1990 na 2000 bila kusoma mengine.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba ufunguo bora una thamani nyingi, hupokea maombi kwa usawa, hulingana na swali la msomaji na hautegemei uchanganuzi wenye mgogoro. Samaki mkunje angali mbichi: katika DynamoDB, ufunguo wa jedwali haubadiliki baada ya jedwali kuundwa. Anayetaka kuubadilisha hana budi kuunda jedwali jipya na kuzihamisha rekodi zote, kwa gharama ya muda na fedha.

Kwa hivyo, tunapendekeza kila mradi wa kamusi au kopasi uanze kwa kuorodhesha maswali ambayo watumiaji watauliza, kisha sampuli ya matini ihesabiwe ili kubaini maneno yanayojirudia, ndipo ufunguo uteuliwe. Kazi mbili za mwanzo ni za mwanafunzi wa Kiswahili. Akizikwepa, mhandisi asiyejua ngeli atateua herufi ya kwanza, na Kiswahili kitalipia uamuzi huo kila siku.