Jeshi likikusomesha saikolojia, unasaini nini?

Vijana wa familia zetu zilizohamia Marekani wanaotamani kuwa wanasaikolojia huuliza sana kuhusu ufadhili wa jeshi la nchi hiyo. Wazazi wao huuliza zaidi.

Jeshi hulipa nini hasa?

Mpango mkuu ni Health Professions Scholarship Program, HPSP, uliotokana na sheria ya mwaka 1972. Unalipa karo yote, ada na vitabu, pamoja na posho inayozidi dola 2,000 kwa mwezi. Walengwa ni wanaosomea uzamivu ili watibu watu, tena katika programu yenye ithibati ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Anayesomea saikolojia ya viwanda na ajira hahusiki. Mwanafunzi huwa afisa wa akiba tangu mwanzo, na kwa siku 45 kila mwaka hulipwa mshahara kamili wa cheo chake.

Binti yangu ana kadi ya ukaazi wa kudumu. Aombe?

Bado, mama. Uafisa huu ni wa raia tu. Kadi inamruhusu kuandikishwa askari wa kawaida, na utumishi huo unaweza kumharakishia uraia. Lakini asiingie kwa ahadi ya mdomo kwamba saikolojia itafuata baadaye.

Deni linalipwaje?

Kwa miaka ya kazi: ukifadhiliwa miaka 3, unadaiwa miaka 3. Wengi huteleza kwenye mwaka wa mafunzo ya vitendo, unaofanyika katika hospitali za jeshi kama Walter Reed, Maryland, au Tripler, Hawaii. Unachapa kazi mwaka mzima, na hakuna hata siku moja inayopunguza deni. Isitoshe, kila anayeingia jeshini hufungwa kwa jumla ya miaka 8, sehemu yake ikiwa ya akiba. Mwombe mwandikishaji akuonyeshe kifungu kinachosema hesabu inaanza lini.

Siri ya mgonjwa italindwa?

Kwa kiasi, na hili ndilo ningetaka lifikiriwe kuliko pesa. Chukua sajenti aliyerudi kutoka vitani, hapati usingizi, anakunywa kila usiku. Kanuni ya Wizara ya Ulinzi inakukataza kumwambia kamanda wake eti tu kwa sababu amekuja kutibiwa. Ila akiwa hatarini kujidhuru au kudhuru wengine, au hali yake ikitishia operesheni, kamanda lazima ajue. Hata akiingia programu rasmi ya kutibu ulevi, kamanda hujulishwa. Mweleze hayo kabla hajaanza kusimulia, maana akishayasikia kwa kamanda hatarudi kwako, na wenzake hawatakuja.

Naweza kuamriwa jambo ambalo dhamiri inalikataa?

Swali hilo si la nadharia. James Mitchell na Bruce Jessen, waliobuni mbinu za kikatili za kuhoji wafungwa wa CIA, walikuwa wanasaikolojia wa Jeshi la Anga kabla ya kazi hiyo. Mwaka 2015 uchunguzi wa wakili David Hoffman ulionyesha kwamba viongozi wa Chama cha Wanasaikolojia walishirikiana na maofisa wa ulinzi kulegeza miongozo ya maadili, na mwaka huohuo chama kikapitisha azimio linalopiga marufuku wanachama kushiriki mahojiano ya usalama wa taifa. Soma azimio hilo kabla ya mkataba. Kisha mtafute mwanasaikolojia aliyeko kazini, asiye mwandikishaji, umuulize alifanya nini siku aliyotofautiana na kamanda wake.