Jumanne: Dhambi Iliyotendwa Pasipo Kujua

Soma Walawi 4:27–31 na Walawi 5:17. Je, mtu aliyetenda dhambi pasipo kujua alihesabiwa kuwa na hatia? Alipaswa kufanya nini, na wakati gani?

Neno la Kiebrania linalotumika katika Walawi 4 ni *shegaga*. Ndani yake mna wazo la kupotea njia, na neno la jamii hiyo limetumika katika Ezekieli 34:6 kueleza kondoo waliotangatanga. Kondoo hapotei kwa kuasi. Huinamisha kichwa akila majani, hatua kwa hatua, na anapoinua macho kundi halipo tena.

Historia ya Tabora inatoa mfano. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Ujiji na Bagamoyo. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na mizigo ya nguo. Kitambaa kilichopendwa sana kiliitwa merikani, kwa kuwa kilitoka Marekani, nchi iliyofanya mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said mwaka 1833. Kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, kwa pamba iliyolimwa na watumwa katika majimbo ya kusini. Pembe nazo zilivuka bahari, na nyingi zilikatwa huko Connecticut kuwa vitana na vibonyezo vya piano. Na katika njia hiyohiyo ya Tabora walipitishwa watumwa, wamefungwa minyororo.

Mpagazi aliyejifunga merikani mpya hakujua ni mikono ya nani iliyoichuma pamba ile. Mama wa Marekani aliyeketi kwenye piano, pengine akimwimbia Mungu sifa, hakujua pembe zile zilipita wapi. Hakuna kati yao aliyemfunga mtu mnyororo. Hata hivyo, biashara iliyowaumiza wanadamu iliendelea kwa sababu wanunuzi walikuwapo pande zote mbili za bahari.

Soma Hesabu 15:27–31 na Luka 12:47, 48. Kuna tofauti gani kati ya asiyejua na anayetenda kwa kusudi?

Mungu hawahukumu wawili hao kwa kipimo kimoja. Lakini kutokujua, ingawa hupunguza hatia, hakuondoi madhara. Aliyeumia ameumia. Ndiyo maana hata dhambi hii ilihitaji sadaka.

Jambo la kuzingatia zaidi limo katika Walawi 4:28: wajibu wa kuleta mbuzi ulianza siku mtu alipojulishwa kosa lake. Kabla ya siku hiyo alikuwa amepotea. Baada yake, anachagua. Aliyeambiwa akanyamaza hawezi tena kujiita asiyejua. Wala kutotaka kuuliza si sawa na kutokujua.

Soma Luka 23:34 na Matendo 3:17–19. Yesu aliwaombea msamaha waliomsulubisha kwa kuwa hawakujua walitendalo. Petro naye alikiri kwamba walitenda kwa kutojua, kisha akawaita watubu. Maombi ya Yesu hayakuifuta toba, yaliifungulia mlango. Ndivyo ilivyokuwa kwa Paulo pia. Alipata rehema kwa kuwa alitenda kwa ujinga (1 Timotheo 1:13), na nuru ilipomjia njiani hakujitetea, bali aliuliza afanye nini (Matendo 22:10).

Mungu hamjulishi mtu kosa lake ili amwaibishe. Kabla mkosaji hajajua, sadaka ilikwisha kuagizwa. Kwa hiyo Daudi hakuogopa kuomba atakaswe hata makosa asiyoyaona (Zaburi 19:12).

Tafakari: Ni jambo gani umejulishwa karibuni, labda kuhusu ujira wa anayekufanyia kazi, mizani ya duka lako, au neno lililomuumiza mwenzako? Utachukua hatua gani kabla ya Sabato hii?