Kuvu ukutani: tutafute maji kwanza, rangi baadaye

Mwaka 2024 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda mpaka ndani ya nyumba za kando ya ziwa hapa Kalemie. Nyumba iliyolowa hivyo hukauka kwa nje haraka, lakini ndani ya tofali unyevu unabaki, na kuvu inaota: chini ya ukuta, nyuma ya kitanda, nyuma ya gunia.

Huko Ulaya kuna makampuni yanayolipwa kuondoa kuvu kwa mashine za kukausha hewa. Mashine hizo hatuna, lakini kazi yao ya kwanza tunaiweza: kutafuta maji yanatoka wapi. Alama ikianzia chini, ukuta unanyonya maji ya udongo. Chimba mfereji wa kuyapeleka mbali na nyumba. Ikianzia juu, kagua bati na matundu ya misumari. Ikiwa nyuma ya kitanda tu, hewa haipiti. Sogeza kitanda, fungua dirisha mchana. Fundi akitaka kupaka rangi kabla ya hapo, mwambie angoje. Ni franka za kutupa, kuvu itatokeza tena.

Kuvu kavu usiifagie, inaruka kama unga na kuingia kifuani. Watoto na mwenye pumu watoke nje. Funga kitambaa puani, lowesha ukuta kidogo, sugua kwa brosi na maji ya sabuni, kisha acha pakauke kabisa. Javeli inasaidia kwenye simenti, lakini kwenye udongo na mbao inaondoa weusi wa juu tu. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine, hewa yake inachoma mapafu. Ukuta ukikauka, paka chokaa. Godoro la sponji lililoota kuvu ni la kutupa, inauma, tunajua.

Sasa tuseme juu ya mavuno, maana kwa wengi wetu nyumba ndiyo depo, na gunia linaegemea ukuta uleule. Mahindi na karanga zilizoota kuvu zinaweza kuwa na sumukuvu, inayoharibu ini. Kupika bukari hakuiondoi. Kuwapa kuku pia si dawa, nao inawadhuru. Panga magunia juu ya mbao, na uache nafasi ya mtu kupita kati yake na ukuta. Kabla ya kuyajaza, tia mahindi na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu, funga, tikisa vizuri, ngoja dakika chache. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani.