Msaada wa Ada kwa Mwanafunzi wa Jimbo Lingine



Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo lina vyuo vikuu vya umma, navyo hupata fedha za kodi ya wenyeji. Ndiyo maana mwenyeji hulipa ada ndogo, na anayetoka jimbo lingine hulipa kubwa.

Je, asiye na uwezo afanyeje? Serikali kuu ina ruzuku iitwayo Pell. Humfuata mwanafunzi jimbo lolote. Mwaka 2024-25 haikuzidi dola 7,395. Tufanye hesabu: ada ikiwa dola 40,000, zinabaki 32,605.

Chuo Kikuu cha Virginia huahidi kuziba pengo hilo, lakini ndani yake mkopo waweza kuwemo. Vyuo vingi havizibi lote.

Basi mzazi asisome neno "msaada" tu. Aulize: ruzuku ni kiasi gani? Mkopo je? Ruzuku hairudishwi. Mkopo ni deni.