Mtoto Aliye Nyumbani na Mtoto Anayefundishwa Nyumbani



Wapendwa wasomaji, tunapotembelea jumuiya ndogondogo za Kalangalala, wazazi hutuuliza maswali mazito kuhusu elimu ya watoto wao. Mojawapo ni hili: "Frateri, tunasikia huko Marekani watoto wanasomea nyumbani na kuwapita wa shuleni. Hapa kwetu madarasa yamejaa. Kwa nini tusibaki na watoto wetu?" Swali hili ni la haki. Katika somo hili tutatazama kwanza utafiti unasema nini, kisha tujipime sisi wenyewe.

1. Utafiti unasema nini?

Utafiti unaotajwa sana ni ule wa Lawrence Rudner wa Marekani, uliotolewa mwaka 1999. Ulihusu wanafunzi 20,760 kutoka familia 11,930. Matokeo yalikuwa ya juu: katika masomo mengi, mtoto wa katikati miongoni mwao aliwapita takribani watoto 70 hadi 80 katika kila 100 wa nchi nzima.

Lakini tuulize: watoto hao ni akina nani? Ni wa familia zilizonunua zenyewe huduma ya mtihani kutoka Chuo Kikuu cha Bob Jones na kukubali matokeo yatumike. Familia ambazo hazikupima watoto wao hazimo. Tena, wazazi wengi walikuwa na elimu ya juu kuliko kawaida, karibu wote waliishi katika ndoa, na akina mama wengi hawakuwa na ajira ya mshahara. Rudner mwenyewe alionya kwamba utafiti wake hauthibitishi kuwa nyumba inashinda shule. Ni kama kuwapima wanakwaya peke yao, kisha tuseme parokia nzima inajua kuimba.

Utafiti mwingine, mdogo lakini makini, ulifanyika Kanada na kutolewa mwaka 2011. Sandra Martin-Chang na wenzake waliwalinganisha watoto 37 wanaosomea nyumbani na 37 wa shule za umma, wenye umri wa miaka 5 hadi 10. Wale wa nyumbani waliofundishwa kwa mpangilio, yaani wenye ratiba, vitabu na mzazi wa kuwafuatilia, waliwapita wa shuleni. Lakini kati ya wale wa nyumbani walikuwamo 12 ambao hawakuwa na mpangilio huo. Hao walikuwa nyuma ya wote.

Hapo ndipo penye fundisho. Watoto wa makundi hayo mawili walikuwa nyumbani. Kilichowatofautisha ni mtu mzima aliyeketi nao na kazi iliyopangwa. Hata hivyo, kwa kuwa watoto hao ni wachache, tusiyafanye matokeo hayo kuwa sheria ya kila nyumba.

2. Hali yetu

Nchini kwetu, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi kuhakikisha kuwa mtoto aliyefikia umri wa shule ameandikishwa na anahudhuria. Hivyo, kumwondoa mtoto shuleni si jambo la kuamua sebuleni tu.

Tena tuseme ukweli. Katika ukanda huu wa dhahabu, mtoto asiyekwenda shule mara nyingi hayuko mezani na daftari. Yuko machimboni akibeba mawe, kwenye karasha, au mwaloni akiosha mchanga na kushika zebaki. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, Geita ikiwemo. Mtoto wa namna hiyo anaweza kulala nyumbani kila siku, lakini hafundishwi nyumbani.

Hata shuleni, kuandikishwa si kujifunza. Tathmini za Uwezo, zilizoanza kutolewa nchini mwaka 2010, ziliwafuata watoto majumbani na kuwapima kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili. Wengi waliokuwa wamevuka darasa hilo walishindwa.

Tukumbuke pia mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, na shule za msingi zikafunguliwa Juni 29. Kwa zaidi ya miezi mitatu kila nyumba iligeuka shule. Zilikuwapo nyumba ambako dada mkubwa aliwasomesha wadogo zake kila asubuhi, na nyumba ambako daftari halikufunguliwa hata siku moja.

3. Mafundisho ya Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo la Oktoba 28, 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Tamko hilohilo linaongeza kwamba familia inahitaji msaada wa jamii nzima. Kwa hiyo shule ni msaidizi wa mzazi, wala haiji kuchukua nafasi yake. Mzazi anayemwachia mwalimu kila kitu amekosea, na anayemnyima mtoto shule bila kumpa chochote badala yake amekosea zaidi.

4. Tufanye nini?

Kwanza, kila nyumba itenge nusu saa jioni, mtoto asome kwa sauti mbele ya mtu mzima. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza na kuuliza: "Umesoma nini? Nieleze." Pili, jumuiya iwajue watoto wake walioacha shule, izungumze na wazazi na walimu, na iulizie nafasi za MEMKWA kwa waliokosa elimu ya msingi. Tatu, sisi mafrateri tuzoee kuuliza kabla ya kutangaza takwimu yoyote: waliopimwa ni akina nani, na ni nani hakupimwa?

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika nyumba yako, ni nani anayeketi na mtoto na daftari lake?
2. Je, tunamfahamu mtoto wa jumuiya yetu aliye machimboni saa za masomo? Nani atakwenda kwao wiki hii?

Familia Takatifu ya Nazareti, mtuombee.