Jua Haki Zako: Ajali Iliyotokea Nje ya Barabara

Dereva wa trisikli hapa Bunia, awe anachukua mchanga kandokando ya mto Shari au magunia yaliyoletwa kutoka Kasenyi, aghalabu hufanya sehemu kubwa ya kazi yake mahali pasipo barabara: katika uwanja wa soko, katika ua wa ghala, au ndani ya karieri (machimbo) ambamo njia si kitu ila alama za magurudumu ya jana. Siku anapogongwa huko, neno la kwanza analoambiwa, na mara nyingi na yule yule aliyemgonga, ni kwamba hapo si barabarani, basi hapana shauri. Neno hilo ni batili.

Kanuni ya mikataba na wajibu ya 30 Julai 1888, ambayo ingali ndiyo Kitabu cha Tatu cha sheria yetu ya kiraia ya Kongo, yasema katika kifungu cha 258 kwamba mtu aliyemtia mwenziwe hasara kwa taksiri yake analazimika kuifidia. Na kifungu cha 259 chaongeza uzembe na kutojihadhari. Humo barabara haikutajwa, kwani dhima humfuata mtu, haifuati lami. Tuseme lori limerudi nyuma karierini bila mtu wa kulielekeza, likamvunja mguu dereva wa trisikli aliyekuwa akingoja zamu: huyo aweza kumdai dereva wa lori, na kwa kifungu cha 260 aweza pia kumdai bwana aliyemtuma dereva huyo wa lori kazini, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye uwezo wa kulipa. Fidia si gharama za hospitali peke yake, bali na pato la siku alizolala, na ulemavu utakaobaki, na maumivu. Lakini ikiwa majeruhi naye alikosea, hakimu ataigawa dhima kwa kadiri ya makosa ya kila mmoja.

Zaidi ya hayo, kumjeruhi mtu bila kukusudia ni jinai kwa vifungu vya 52 na 54 vya Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ni kifungo cha siku nane hadi mwaka mmoja pamoja na faini, au moja tu ya adhabu hizo. Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui: kosa lenye adhabu isiyozidi mwaka hufutika baada ya mwaka mmoja, ilhali dai la fidia kwa kawaida lina muda wa miaka 30. Na kwa kuwa Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021, na kesi za jinai zikapelekwa mahakama za kijeshi, mlalamikaji aulize mapema ni parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) ipi itakayompokea.

Ama bima, watu wengi huielewa vibaya. Bima ya lazima ya chombo hulipa madhara waliyopata wengine, wala haimtibu dereva wa chombo hicho hicho. Kwa hiyo cha kunakili ni namba ya bima ya lori, pamoja na namba ya gari lenyewe. Tena, ikiwa dereva ameajiriwa, ajali hiyo ni ajali ya kazini, na mwajiri hana budi kuiarifu CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Asikubali upesi kuambiwa kwamba yeye si mfanyakazi kwa sababu tu hana karatasi, maana mahakama hutazama kama alifanya kazi chini ya amri ya mtu, haitazami jina alilopewa.

Karierini hakuna polisi wa kupima alama za matairi, na kesho yake mvua au koleo zitakuwa zimekwisha kuzifuta. Basi vyombo vipigwe picha kabla havijasogezwa, majina na simu za mashahidi yaandikwe, PV (hati ya maelezo ya tukio) iombwe kwa ofisa wa polisi, na cheti cha daktari kichukuliwe siku ile ile. Wala mtu asitie sahihi karatasi ya sulhu akiwa bado kitandani, kwani sulhu iliyoandikwa hufunga mlango wa dai. Asiye na fedha za wakili akumbuke kwamba sheria ya mawakili ya 28 Septemba 1979 imeagiza iwepo ofisi ya ushauri wa bure kwa mafukara; aende huko na picha zake na cheti chake, kabla ya mwaka kupita.